Shajara ya Chupa Zisizo na Jina Kubwa

Januari 11: Kanuni kabla ya chupa

Mradi huu una swali moja. Mtu asiyeimudu mivinyo ghali kama Burgundy ya Ufaransa au Barolo ya Italia, akiachana na majina makubwa na kufuata zabibu ambazo wengi hawajazisikia, atafika wapi? Naandika kila hatua inapokamilika ili atakayetaka kuurudia asianzie sifuri.

Nianze na hesabu ya chupa yenyewe. Kioo, kizibo, lebo, katoni, usafiri, na katika nchi nyingi ushuru unaotozwa kwa lita: hivi vyote hugharimu karibu sawa, kilichomo kiwe kizuri au kibovu. Ndiyo maana katika chupa ya bei ya chini kabisa fungu linalobaki kwa ajili ya zabibu ni dogo mno. Ukipanda ngazi moja tu, sehemu kubwa ya nyongeza unayolipa inaingia kwenye mvinyo. Ukipanda zaidi ya hapo unaanza kulipia ardhi ghali, uhaba na sifa. Ninachowinda kiko kwenye ngazi ya pili, katika maeneo ambayo ardhi haijapanda bei na jina halijavuma.

Kikomo cha bei nimekiweka kwa namna ambayo kila mtu anaweza kukitumia alipo: tazama Chablis ya kawaida, mvinyo mweupe wa Burgundy, inauzwaje katika duka unalonunua, kisha chupa yoyote ya mradi isizidi theluthi mbili ya bei hiyo.

Vifaa ni vichache. Glasi za kuonjea za kipimo cha ISO 3591, kilichotolewa mwaka 1977, zenye tumbo pana na mdomo uliobanwa ili harufu isitawanyike. Humiminwa mililita 50 tu. Kwa kiasi hicho chupa ya mililita 750 inawatosha watu wengi na bado kinabaki cha kuonja kesho yake. Ndoo ya kutemea. Daftari. Glasi ndizo gharama kubwa ya mwanzo, lakini hununuliwa mara moja.

Januari 25: Onjo la kwanza, na kwa nini kumbukumbu zake hazikufaa

Wazo lilikuwa kuanza kwa shangwe: chupa nyingi, kila moja kutoka nchi yake, zote jioni moja. Matokeo hayakufaa kabisa. Tannat ya Uruguay iliwekwa mapema, na kuanzia hapo kila mvinyo uliofuata ulisomeka vilevile katika daftari za wenzangu wote wa meza ya kuonja: mkavu, mchungu, hauna tunda.

Sababu inaeleweka. Tanini, kiambata cha maganda na mbegu kinacholeta ukakasi, hushikamana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na mdomo unabaki na ule ukakasi wa ndizi mbichi. Tannat ni miongoni mwa zabibu zenye tanini nyingi zaidi zinazolimwa kwa wingi. Asili yake ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, ndiyo inayotengeneza mvinyo wa Madiran, na ilipandwa Uruguay miaka ya 1870 na Mbasque aitwaye Pascual Harriague. Ni mvinyo mzuri sana, lakini kuutanguliza mbele ya mivinyo myepesi ni kuinyima nafasi ya kusikika.

Chupa zote za jioni ile zimehesabiwa kama hasara, kwa sababu hakuna andiko hata moja ninaloweza kuliamini. Marekebisho: chupa chache kila mara, zenye jambo moja linaloziunganisha. Nyeupe kabla ya nyekundu, nyepesi kabla ya nzito, kavu kabla ya tamu. Maji na mkate mtupu katikati, na kusubiri mdomo urudi katika hali yake kabla ya glasi inayofuata, hata kama watu wana hamu.

Februari 15: Nyeupe zenye uchachu

Mada ni uchachu. Muscadet ya mdomo wa mto Loire nchini Ufaransa, Vinho Verde ya kaskazini mwa Ureno iliyotokana na zabibu ya Loureiro, Furmint kavu ya Tokaj nchini Hungaria, na Assyrtiko ya Ugiriki.

Assyrtiko ilileta shida kabla haijafunguliwa. Ya kisiwa cha Santorini, ambako mizabibu husukwa kama vikapu juu ya udongo wa volkano ili upepo usiichane, imepanda bei mno miaka ya karibuni na ilivuka kikomo. Badala yake nilichukua ya Ugiriki bara. Ina ule uchachu wa limau na chumvichumvi kwa mbali, ingawa haina ukali wa jiwe unaosifiwa kisiwani. Kwa bei yake sina malalamiko.

Mzunguko wa kwanza ulikwama kwenye baridi. Chupa zilitoka moja kwa moja kwenye jokofu na zote nne zikawa kitu kimoja: maji makali yasiyo na harufu. Harufu ni chembe zinazoruka hewani, na kwenye baridi kali haziruki. Tuliziacha mezani, tukarudi kuonja kadiri zilivyopata joto. Furmint ndiyo iliyobadilika zaidi: tufaha, kisha asali kidogo, kisha kitu kama moshi mwembamba. Tangu hapo nyeupe nyepesi tunazionja kwenye nyuzi 8 hadi 10, na Furmint kwenye 11 au 12. Kipimajoto cha jikoni kinatosha.

Vinho Verde ilikuwa imechoka. Mvinyo huu hutengenezwa unywewe mchanga, ukiwa na vipovu vidogo ambavyo siku hizi mara nyingi huongezwa na mtengenezaji mwenyewe. Lebo ya chupa yetu haikuonyesha mwaka wa mavuno, vipovu vilikuwa vimekufa na harufu ilikuwa ya tufaha lililokatwa likaachwa. Chupa ya pili, yenye mwaka wa mavuno wa karibuni kabisa, ilikuwa kinywaji tofauti: ndimu, maua, wepesi wa kufurahisha. Kwa nyeupe za bei nafuu zinazotakiwa kunywewa mapema, sinunui tena chupa isiyoonyesha mwaka.

Muscadet ndiyo iliyopata alama za juu kwa bei. Tafuta maneno *sur lie* kwenye lebo. Maana yake mvinyo ulikaa juu ya masalia ya hamira majira yote ya baridi kabla ya kutiwa kwenye chupa, na ndipo unapopata ule ulaini wa katikati ya ulimi usiotarajiwa katika mvinyo mwembamba hivi. Zabibu yake ni Melon de Bourgogne, na ni vigumu kupata mvinyo mweupe safi zaidi kwa pesa hizo.

Machi 8: Kuficha chupa

Tulifika hapa kwa sababu ya mvutano. Baadhi ya wenzangu walikuwa wakitoa alama za chini pindi waonapo jina la nchi wasiyoihusisha na mvinyo. Si ajabu. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Na tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, katika onjo lililoandaliwa na Steven Spurrier, waonjaji Wafaransa wasioziona lebo waliweka Chardonnay ya Chateau Montelena na Cabernet ya Stag's Leap Wine Cellars, zote za California, mbele ya mivinyo mashuhuri ya nchi yao. Jicho husema kabla ulimi haujapata zamu.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuzivalisha chupa mifuko ya karatasi. Halikufanya kazi. Mabega ya chupa yanasema: yaliyoteremka taratibu yanaashiria Burgundy na ndugu zake, yaliyosimama wima yanaashiria Bordeaux. Karatasi ya shingoni inasema, kifuniko cha kuzungusha kinasema, na uzito wa kioo unasema kwa sauti kuliko vyote, maana wauzaji wanajua kwamba chupa nzito hudhaniwa kuwa na mvinyo bora.

Sasa mtu mmoja haonji. Anafungua kila chupa chumba kingine, anamimina ndani ya majagi yanayofanana, anayapa herufi na kuweka siri. Zamu hubadilika kila onjo. Haigharimu kitu, na ni hatua iliyobadilisha matokeo kuliko fedha yoyote tuliyotumia.

Jozi ya kwanza chini ya utaratibu huu: Nebbiolo ya Langhe nchini Italia, zabibu ileile ya Barolo, kama kipimo (hii ilivuka kikomo, nimeiweka kwenye hesabu ya vipimo) dhidi ya Xinomavro ya Naoussa, kaskazini mwa Ugiriki. Zote zina rangi iliyopauka, uchachu mkali na tanini nyingi. Mwanzoni Xinomavro ilipata alama duni: ngumu, imejifunga, nyanya kavu na ngozi. Tulipoirudia baada ya saa kadhaa ndani ya jagi, alama zilipinduka. Hewa ililainisha kilichokuwa kinakwaruza, na tunda likatokea. Walio wengi waliiweka mbele ya Nebbiolo bila kujua ni ipi. Andiko la kudumu: nyekundu zenye tanini nyingi na umri mdogo zifunguliwe mapema, zionjwe mara mbili, na alama zitolewe mara ya pili.

Machi 29: Kasoro au tabia?

Hili ndilo jambo zito la mradi mzima hadi sasa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chupa ya Baga kutoka Bairrada, Ureno, ilinuka boksi la karatasi lililolowa, na nyuma yake hakukuwa na tunda lolote. Nusu ya meza ilisema huo ni mvinyo mbovu. Nusu nyingine ilisema pengine ndivyo Baga ilivyo. Hakuna aliyeweza kumjibu mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuionja. Mwenye Chardonnay mkononi anajua Chardonnay hunukaje, hivyo kasoro inajitokeza mara moja. Mwenye mvinyo asioujua hana mahali pa kusimama. Anaweza kuilaani zabibu nzima kwa kosa la kizibo kimoja, au akaisifia harufu ya ukungu akidhani ni upekee wa mahali.

Chupa ya pili ya Baga ileile ndiyo iliyoamua: cheri chachu, majani makavu, ukakasi mwingi, hakuna ukungu. Ya kwanza ilikuwa imeharibiwa na TCA, kemikali ambayo Hans Tanner wa Uswisi aliitambua mwaka 1981 kama chanzo cha harufu hiyo. Huzaliwa pale kuvu wanapokutana na viambata vyenye klorini, mara nyingi ndani ya gome linalotengenezewa vizibo, na nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuua mvinyo. Haidhuru afya. Hata inapokuwa kidogo mno kunuswa, hufuta tunda, na mnywaji huondoka akisema "mvinyo huu hauna ladha" bila kushuku kizibo.

Tangu hapo kila mvinyo wenye kizibo cha gome tunanunua chupa mbili. Ndiyo, gharama inaongezeka maradufu. Ili bajeti isipasuke nimepunguza idadi ya nchi, na ninazipa kipaumbele chupa zenye kifuniko cha kuzungusha, ambazo kwa TCA karibu hazina wasiwasi. Chupa ya pili ikiwa haikuhitajika hutunzwa kwa onjo la marudio.

Tumetengeneza pia glasi za mafunzo kwa mvinyo mwekundu wa kawaida. Moja ina tone la siki. Nyingine iliachwa wazi siku kadhaa hadi ikachoka. Ya tatu ilikaa juani katika chupa ya kioo kisicho na rangi. Kunusa hizo kabla ya onjo kunaupa mdomo kumbukumbu ya kusimamia. Harufu ya yai viza iliyotokea kwenye Mencía moja, nyekundu ya Bierzo nchini Hispania, tuliitibu kwa kutikisa mvinyo kwenye jagi. Ikiwa haitoki, kipande safi cha shaba huivuta, kwani shaba hushikamana na salfa inayoileta. Chembe zinazong'aa chini ya chupa nyeupe ziacheni zilivyo. Ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi, si kioo wala sukari.

Nyongeza, Aprili 20: Wawili waliosema "ndivyo Baga ilivyo" wameomba zabibu hiyo irudishwe kwenye ratiba. Imerudishwa, ya mtengenezaji mwingine.

Aprili 19: Jerez

Jerez, kusini mwa Hispania, ndiko nyumbani kwa sherry, na hakuna mahali pengine pesa kidogo inaponunua kazi kubwa hivi. Fino, sherry kavu, hutokana na zabibu ya Palomino, huongezewa pombe hadi kufikia kiasi cha asilimia 15, kisha hukaa kwenye mapipa yasiyojazwa hadi juu. Juu yake huota utando wa hamira uitwao *flor*, unaokula sukari na sehemu ya pombe, unaukinga mvinyo dhidi ya hewa na kuupa harufu ya lozi mbichi na unga wa mkate. Manzanilla ni hiyohiyo ikikomazwa Sanlúcar de Barrameda, karibu na bahari, ambako utando hunenepa. Oloroso huongezewa pombe hadi asilimia 17 au zaidi, utando unashindwa kuishi, hewa inaingia, na mvinyo unageuka rangi ya mbao na kunukia jozi. Mapipa hupangwa kwa rika: kinachotolewa kwenye rika la zamani hujazwa kwa kilichomo kwenye rika linalofuata, hivyo kila chupa ina chembe za miaka mingi.

Walioonja kwa mara ya kwanza walisema fino imeharibika. Ndipo glasi za mafunzo zilipolipa. Tuliweka fino kando ya mvinyo mweupe uliochoka, na tofauti ikaonekana: uliochoka ni mzito na umelegea, fino ni kavu kama chaki, kali, na ladha yake inadumu mdomoni muda mrefu baada ya kutema.

Kilichoshindikana ni utunzaji. Fino iliyobaki ilifungwa ikaachwa kabatini. Ilipofunguliwa ilikuwa imepoteza makali yote. Ikitoka chini ya utando wake haina tena ulinzi. Inunuliwe katika chupa ya mililita 375, ikae jokofuni, imalizwe ndani ya siku chache. Oloroso ina uvumilivu zaidi.

Mei 24: Georgia

Vigae vilivyochimbuliwa kusini mwa Tbilisi, na matokeo yake kuchapishwa 2017, vina mabaki ya mvinyo ya takriban mwaka 6000 K.K. Njia ya *qvevri*, mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini hadi shingoni, iliingizwa mwaka 2013 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika mkoa wa Kakheti zabibu nyeupe za Rkatsiteli huachwa mtungini pamoja na maganda, mbegu na hata vikonyo kwa miezi, na mvinyo hutoka na rangi ya kaharabu.

Tuliuandaa kwenye baridi ya mvinyo mweupe na ukawa mchungu. Kosa lilikuwa kuufuata kwa rangi ya zabibu. Maganda yameutia tanini, na baridi huzidisha ukakasi. Kwenye nyuzi 14 au 15 ulifunguka: chai, ganda la chungwa, aprikoti kavu. Utendewe kama mwekundu.

Kwa upande wa bei, qvevri halisi ni kazi ya mikono na chupa nyingi zinavuka kikomo. Tuliyoipata iligusa mpaka. Lakini Saperavi ya matangi ya kawaida ilikuwa ndani yake kwa nafasi kubwa. Nyama ya tunda lake yenyewe ni nyekundu, tofauti na zabibu nyingi ambazo rangi iko kwenye ganda tu, na mvinyo ni mweusi hadi kingo za glasi. Uchachu wake ndio unaouokoa usiwe mzito. Angalia jina kwenye lebo ya Saperavi: Mukuzani ni kavu, Kindzmarauli ina utamu. Tulinunua ya pili tukitarajia kavu, na haikulingana na mada ya jioni.

Juni 21: Zabibu zilizobadilishiwa majina, na Moldova

Hatua ya haraka, bila mkwamo mkubwa. Carmenère ya Chile ilidhaniwa kuwa Merlot hadi Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua mashambani mwaka 1994. Ikivunwa mapema hunuka pilipili hoho, na ndivyo ilivyokuwa ya bei ya chini zaidi. Ya ngazi iliyofuata ilikuwa imeiva, laini, nzuri. Bonarda ya Argentina, ambayo vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa ni Douce Noir ya Savoie nchini Ufaransa, ndiyo nyekundu rahisi kupendwa kuliko zote: plamu, ukakasi mdogo, haihitaji kungojewa. País ya bonde la Itata nchini Chile, iliyoletwa na Wahispania karne nyingi zilizopita, ilipoa kidogo jokofuni kabla ya kuonjwa na ikawa nyepesi, yenye udongo na beri, kutoka kwenye mizabibu ya zamani ambayo kwingineko ingelipisha mara tatu.

Moldova inastahili zaidi ya ninavyoipa hapa. Urusi, iliyokuwa mnunuzi wake mkuu, ilizuia mivinyo yake mwaka 2006 na tena 2013, na watengenezaji wakalazimika kutafuta wanywaji wapya kwa kuinua ubora huku bei ikibaki chini. Fetească Neagră tuliyoonja, plamu kavu na viungo, ilishinda jozi yake dhidi ya nyekundu ya Bordeaux ya bei ya kikomo. Nimeagiza chupa nyingine mbili kuthibitisha.

Julai 5: Hesabu hadi sasa

Sehemu kubwa ya hasara ilitokana na onjo la Januari na Vinho Verde isiyo na mwaka. Chupa za pili zimekula karibu nusu ya bajeti, na sijutii, kwani bila hizo Baga ingekuwa imefutwa. Pampu ya kuvuta hewa niliyonunua ili kuhifadhi mabaki haikuonyesha tofauti ya kueleweka kwenye onjo la siri. Kujaza chupa ndogo hadi mdomoni mara tu baada ya kufungua, kisha jokofuni, kumefanya kazi vizuri zaidi, na chupa ndogo ni zilezile za fino zilizooshwa.

Za kununua tena bila kusita: Muscadet *sur lie*, Furmint kavu, Manzanilla, Xinomavro, Bonarda. Zinazosubiri chupa ya pili: Fetească Neagră, na Plavac Mali ya Kroatia ambayo ni mzao wa zabibu ileile inayoitwa Zinfandel kule California; yetu ilikuwa na pombe iliyounguza koo, na sijui bado kama ni ya mwaka huo au ni ya mtengenezaji.

Agosti ni zamu ya Uturuki, Öküzgözü kando ya Boğazkere, ya kwanza laini na ya pili yenye ukakasi, kisha Mavrud ya Bulgaria. Anayerudia mradi huu aanze na jozi ya Nebbiolo na Xinomavro kama ana fedha, au Muscadet ya mwaka mpya na ya mwaka wa nyuma kama hana, na amteue mmiminaji kabla ya kununua chupa.